Tairi za milimita 28 kwenye changarawe?

Umeuliza kama baiskeli yako ya mbio yenye tairi za milimita 28 itatosha kwa njia za changarawe katikati ya mashamba ya mizabibu na misitu. Itapita, ila utaumia mikono na pancha zitakuandama. Kama fremu inaruhusu, weka 38 au 40.

Halafu punguza upepo! Hapo ndipo wengi tunakosea. Ukiwa na kilo 75 hivi, tairi ya 40 inatosha kwa PSI (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 35 au 40. Ukijaza kama ya lami, inadunda juu ya kokoto badala ya kuzishika.

Mizabibu hupendwa kupandwa kwenye miteremko inayopitisha maji na kupata jua, kwa hiyo njia zake ni vilima vifupi visivyokwisha. Unahitaji gia nyepesi kweli, na upande umeketi, maana ukisimama gurudumu la nyuma linateleza. Njia nyeupe za Chianti, Italia, ambako L'Eroica, tamasha la kuendesha baiskeli za zamani, ilianza mwaka 1997, ziko hivyo hivyo.

Kushuka: funga breki kabla ya kona, si ndani yake. Msituni ongeza tahadhari, kwani ukitoka juani macho huchelewa kuzoea kivuli, na majani yaliyoanguka huficha mizizi.

Mvua ikinyesha kwenye udongo wa mfinyanzi, ahirisha tu. Tope litajaa kati ya tairi na fremu, utaishia kuibeba baiskeli begani (yamenikuta).