Jibu: gobore la shabaha, .45 au .50?
Habari mkuu. Umeuliza gobore la shabaha za mita 50 na 100 uchukue .45 au .50 (kipenyo cha ndani cha mtutu, kwa inchi), na mtutu upi. Anza na risasi. Kama ni goroli, yaani risasi ya duara inayozungushiwa kitambaa, mifereji ya ndani ya mtutu izunguke taratibu, mzunguko mmoja kwa inchi 60 hivi. Risasi ndefu inataka inchi 20 hadi 30. Ile ya inchi 48, ya katikati, mimi siipendi.

Mita 50 tu, chukua .45: baruti kidogo, bega halilii. Ukienda 100 upepo unaisumbua; .50, goroli yake gramu 11 na ushee, inatulia.

Kagua mdomo wa mtutu kwanza, ukiwa na mchubuko achana nao. Na kwa unyevu wa Dar, uoshe kwa maji ya moto na sabuni siku hiyohiyo, masizi ya baruti yanaleta kutu upesi. Kibali cha polisi kabla hujatoa hela, lakini.