Jarida la shule: maneno yamekatwa pembeni, picha zina ukungu

Pole, ndugu. Unasema jarida la shule yenu, kurasa 26 za A4 zenye pini katikati, limechapwa maneno yakiliwa pembeni na picha za jalada zikiwa na ukungu: hayo yote yanarekebishika kabla ya kuchapa tena.

Anza na idadi. Jarida la pini huenda kwa nne nne, kwa hiyo chagua 24 au 28, jalada likihesabiwa humo. Ukipeleka 26, utapata kurasa mbili tupu usizozipanga.

Pambizo, yaani nafasi tupu ya ukingoni, ndiyo iliyokuponza. Acha milimita 20 upande wa mkunjo na 15 upande wa nje. Kurasa za katikati husukumwa nje zikikunjwa, halafu kisu kinazipunguza zaidi. Namba ya ukurasa iliyo karibu mno na ukingo inaweza kuliwa. Picha ya kujaza ukurasa nayo ivuke mstari wa kukata kwa milimita 3 kila upande, la sivyo utaona uzi mweupe.

Kwa pambizo hizo, safu tatu za milimita 55 zenye nafasi ya milimita 5 katikati zinaenea barabara. Herufi ziwe pointi 9.5, na kutoka mstari hadi mstari pointi 12.

Picha za WhatsApp achana nazo, omba faili halisi. Pikseli 1,200 kwa upana zinatosha sentimita 10 tu.

Maandishi yawe meusi ya wino mmoja. Rangi nne zikipishana kidogo, herufi ndogo zinaota kivuli.

Kabla ya kulipa, mwombe mchapaji nakala moja ya majaribio, iliyokunjwa na kukatwa.