Maumivu ya tumbo kulia chini: kidole tumbo, au kinachojifanya kidole tumbo?

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine ya picha. Mwanamke wa umri wa kuzaa apimwe mimba kabla hajapanda kitandani: mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kuuma palepale, nayo haisubiri.

Kwa watoto, watu wembamba na wajawazito, anza na ultrasaundi. Mgonjwa aonyeshe kwa kidole kimoja panapouma zaidi. Weka hapo probu (kishikio cha ultrasaundi kinachogusa ngozi) bapa ya masafa ya juu, ubonyeze polepole ili gesi isogee, hadi uone msuli wa soasi (ulio nyuma ya tumbo, kando ya uti wa mgongo) na mishipa ya iliaki (mishipa mikubwa ya damu ya nyonga). Ukibonyeza kwa pupa atakaza tumbo, na hapo huoni kitu. Tafuta sekamu (mwanzo wa utumbo mpana), kisha fuata kimrija kisichocheza, ndicho kidole tumbo, hadi ncha iliyoziba. Kikizidi milimita 6 kwa kipenyo cha nje, kikagoma kubonyea, na mafuta ya pembeni yakang'aa, shaka inabaki ndogo. Usikomee shinani, wakati mwingine ncha pekee ndiyo iliyovimba.

Kikiwa kizima chote, geukia majirani. Tezi za limfu 3 au zaidi zilizokusanyika, kila moja ikifika milimita 5 kwa upande mfupi, ni jambo la kawaida kwa watoto. Ila zisikutulize mapema: kidole tumbo kilichovimba nacho huvimbisha tezi. Ukuta mnene mwishoni mwa utumbo mwembamba unaashiria Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), Yersinia (maambukizi ya bakteria) au kifua kikuu cha tumbo. Ovari iliyovimba, vijifuko vikiwa vimesukumwa pembeni, huenda imejisokota. Dopla (ultrasaundi ya mtiririko wa damu) ikionyesha damu bado inapita, usimrudishe mgonjwa nyumbani kwa hilo tu.

CT skani ina faida yake. Jiwe la ureta (mrija wa mkojo kutoka figo) huonekana hata bila dawa ya kung'arisha picha inayopitia mshipani. Kipande cha mafuta chenye umbo la yai, sentimita 1.5 hadi 3.5, chenye ukingo mweupe kikiegemea utumbo mpana, ni kishikizo cha mafuta (kijifuko cha mafuta kinachoning'inia nje ya utumbo mpana) kilichokosa damu. Hicho hutulia kwa dawa za maumivu. Kumpasua mtu kwa ajili yake ni kumwonea. Kwa mjamzito ambaye ultrasaundi haikutoa jibu, fanya MRI (picha kwa sumaku) bila gadolini, dawa ya kung'arisha picha.

Kwenye ripoti, kidole tumbo kisichoonekana kiandikwe "hakikuonekana". Daktari wa upasuaji akisoma "ni kizima", ataacha kukitafuta.