USICHOME HIYO SINDANO MZEE, NASEMA USICHOME

Usichome. Nimesoma bandiko lako kwenye daladala nimepitiliza kituo, saa hizi natembea kurudi huku naandika, kwa hiyo makosa ya uandishi nisilaumiwe.

Yani una miaka 61, umestaafu, umelipia nusu marathon ya Kili kule Moshi, mshipa mnene wa nyuma ya kisigino (ile kano ya Akilisi, sio mshipa wa damu) unauma tangu mwezi uliopita, na kocha wenu wa jogingi kakwambia kuna dokta anachoma sindano palepale kwenye mshipa, Jumamosi unapiga intavo (zile mbio za kasi za vipindi) na vijana kama kawaida. Halafu unatuuliza viatu gani, asubuhi unywe nini na kile kilima cha Mweka njiani ukipande kwa spidi gani. Viatu! Mzee wangu unaenda kukatika mguu unauliza viatu.

Mimi nilichomwa hiyohiyo. Dalili zilikuwa hizohizo zako, asubuhi hatua za kwanza kutoka kitandani natembea kama bata, nikishapata moto kinaachia, nami nikajipa moyo kwamba kinapona. Hakiponi hicho, ndo tabia yake mshipa ulioanza kuchoka. Kocha wetu (kocha kwa filimbi tu, kazi yake kubwa ilikuwa kutuuzia tisheti) akaniambia umri ni namba, akanipeleka kwa dokta wake, dakika kumi nimemaliza, nimelipa, natoka natembea sina maumivu. Niliona nimechelewa wapi siku zote.

Sasa sikiliza hapa maana hakuna aliyeniambia. Ile ni steroidi. Uvimbe inatoa, maumivu inaondoa, hapo sibishi. Lakini mshipa wenyewe uko vilevile umechakaa, na dawa ikiingia kwenye nyuzi zake inaulegeza zaidi, ndo maana madaktari wengi wa michezo hapo kwenye kisigino wanaogopa kuchoma. Na mshipa wa umri wetu sio wa kijana, damu inayofika pale nyuma ni kidogo, kupona ni kwa mwendo wa ofisi ya ardhi. Chukua mshipa wa namna hiyo, uondolee maumivu, upandishe mlima, nani atakayekwambia simama?

Tulikuwa tunapiga mbio za kupanda mlima kule Mlimani, chuo kikuu, nasikia PAA nyuma ya mguu, nikageuka kumtukana kijana aliyenipiga teke, kumbe kijana mwenyewe yuko mita hamsini mbele yangu (na ndo kawaida yake, sikumpita hata siku nikiwa mzima). Nyuma hakuna mtu. Nikajaribu kusimama kwa vidole, mguu hauna habari. Mshipa umekatika wote.

Upasuaji, hogo, magongo, mazoezi ya viungo miezi na miezi, bima ikalipa nusu ikaniachia nusu, hela niliyokuwa nadunduliza ya kiwanja Kigamboni ikaishia hapo. Kigimbi cha kushoto mpaka leo kidogo kuliko cha kulia, kaptula sivai tena harusini (utani, ila kweli). Nikiomba maji nyumbani naambiwa kamuombe kocha. Na kocha mwenyewe hakuja hata kunipa pole, alituma vile vikatuni vya mikono iliyofumbatana kwenye grupu, chini yake tangazo la tisheti. Dokta nilipompigia ananiambia "si ulitakiwa kupumzika?" Ulinambia lini? Uliniambia Jumamosi poa!

Na hao watakaokuletea habari za Bekele, yule mkimbiaji wa Ethiopia, kwamba umri sio kitu. Ndio, London 2024 kakimbia 2:04:15 akiwa na miaka 41, wa pili. Lakini hawakwambii kwamba Bekele huyohuyo Oktoba 2020 alijitoa London zimebaki siku mbili tu kwa ajili ya kigimbi. Mtu aliyeweka rekodi za dunia anajitoa, wewe mstaafu unayekimbilia medali na picha unachoma sindano?

Mimi sasa hivi nina sheria moja tu: MGUU ULIOZIMWA MAUMIVU HAUKIMBII. Iwe sindano, iwe kidonge cha maumivu cha diklofenaki asubuhi ya mbio (hiyo na jasho la Moshi na maji kidogo inaenda kugombana na figo, usicheze). Ukitaka kukimbia uzeeni unahitaji maumivu yako yakiwa macho. Kulikuwa na mzee wa Kanada, Ed Whitlock, alikimbia Toronto 2016 akiwa na miaka 85 kwa chini ya saa nne, marathon nzima hiyo sio nusu. Mazoezi yake polepole anazunguka makaburini, akiumia anakaa nje mpaka apone. Alikuwa anaenda makaburini kwa miguu yake, sisi tunataka kupelekwa.

Unachofanya: tafuta mtu wa fiziotherapia, akupe yale mazoezi ya kushusha kisigino kwenye ngazi. Daktari wa Sweden, Alfredson, aliyaandika 1998: unashusha taratibu mara 15, seti tatu goti limenyooka, seti tatu limekunjwa, asubuhi na jioni, wiki 12. Yanaboa kuliko kikao cha vikoba ila ndo yanaujenga mshipa. Wiki 12 hazifiki kabla ya Kili, najua. Kapige zile kilomita 5 za palepale Kili, nusu yake tembea, Mweka haihami. Ada iliyokwenda imekwenda, mimi yangu nilishailipa mara ishirini hospitali.

Halafu umetaja kwa kupitia tu kwamba umemaliza dozi ya sipro (ile antibayotiki, ciprofloxacin) wiki iliyopita. Mzee! Sipro nayo inalegeza hii mishipa, Marekani waliiwekea onyo la boksi jeusi, lile kali kabisa, 2008 kwa ajili ya hilohilo, hasa aliyevuka 60 na anayetumia steroidi. Wewe unataka vyote kwa pamoja. Huyo dokta anajua umetoka kunywa sipro? Nijibu leo, sio baada ya Jumamosi.