Kupandisha ngoma Taita: ushauri kwa vikundi vya Mombasa

Kikundi kikishapata jina kidogo hapa Mombasa, kikacheza Mama Ngina Waterfront na harusi mbili tatu za Likoni, huanza kutamani safari. Hapo ndipo simu yangu hulia. Wanajua kikundi chetu kina mazoea ya kupanda Wundanyi, mji ulio kwenye milima ya Taita, basi huniuliza nauli ni kiasi gani na ukumbi uko wapi.

Nauli haina hadithi. Fika Voi kwa gari au kwa treni ya SGR, chukua matatu hadi Mwatate, kisha jitayarishe kwa kona za kupanda hadi Wundanyi. Anayetapika garini akae mbele.

Ukumbi ndio wenye maneno. Wengi huwa na picha ya Little Theatre Club, ukumbi wa maigizo wa hapa Mombasa, kichwani: viti, pazia, taa za jukwaani. Wakikosa hivyo hurudi wakisema milimani hakuna sanaa. Mimi nawaambia waanze na shule. Muhula wa kwanza walimu wa maigizo wako mbioni kutayarisha tamasha la kitaifa la drama, na muhula wa pili ni zamu ya kwaya na ngoma za tamasha la muziki. Ukifika wakati huo unakuta watu wameshachangamka, na mwalimu atafurahi wanafunzi wake waone watu wazima wanaolichukulia jukwaa kama kazi. Usiende muhula wa tatu. Huo ni wa mitihani, hakuna mwalimu mkuu atakayekusikiliza.

Baada ya mwalimu, mwone chifu na mzee wa kijiji, halafu kiongozi wa kanisa lililo karibu. Usimruke huyo wa mwisho. Kwaya za huko ni kali sana, na mwalimu wa kwaya akikukubali, nusu ya watazamaji umeshawapata.

Sasa uwanja. Taita ni miteremko mitupu, na hiyo ni bahati ambayo sisi wa kisiwani hatuna. Watazamaji waketi juu kwenye mteremko, nyinyi mcheze chini pale panapotanuka kidogo. Kila mtu ataona hata bila jukwaa. Chungulieni majani ya miti yanaelekea wapi, msimame upepo ukitoka nyuma yenu kwenda kwa watu, la sivyo maneno yote yatachukuliwa bondeni. Spika mkiwa nazo bebeni, lakini mchezo ufanyieni mazoezi bila maiki. Stima inaweza kukatika katikati ya onyesho, na kumsubiri mwenye jenereta kunawaua watazamaji kwa kuchoka.

Ngoma zenyewe zina adabu yake kule. Wundanyi iko kama mita 1,400 juu ya bahari na kilele cha Vuria kinapita mita 2,200, kwa hiyo ukungu si mgeni, hasa kuanzia Juni hadi Agosti. Ngozi mliyoikaza kwa jua la Mombasa italegea kwa ubaridi ule, na chapuo, ile ngoma ndogo, italia kama debe. Ombeni kuni mapema, washeni moto, ziotesheni ngoma moto polepole kwa mbali huku mkizigeuza. Mwenye haraka akiisogeza karibu, ngozi inapasuka. Mpeni kazi hiyo mtu mmoja asiyecheza onyesho la kwanza. Udi na fidla navyo visikae nje vikisubiri zamu. Viwekeni ndani vizoee baridi, halafu mviweke sawa tena dakika za mwisho. Waimbaji wavae masweta. Kanzu nyepesi na leso ni za picha tu.

Anzeni saa nane mchana na mmalize kabla ya saa kumi na moja. Watu wana ng'ombe wa kukama, watoto wana njia za kutembea, na matatu za kushuka hupungua jua likianza kuzama. Nyakati za mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, watu wako shambani na njia za ndani ni utelezi. Mimi hupenda Januari na Februari.

Kuhusu lugha, msiwarahisishie. Wataita wengi wameishi na kufanya kazi Mombasa, Kiswahili chenu wanakijua mpaka mafumbo yake, na kichekesho cha feri watakicheka kuliko watu wa Likoni wenyewe. Kinachokufa ni kile kichekesho cha mshamba kutoka milimani anayeshangaa taa za mjini. Mtaani Majengo, hapa Mombasa, kitawavunja watu mbavu. Kitoeni kabisa.

Nusu ya siku iwe ya wenyeji, na hili silipunguzi. Kama kuna wazee wanaopiga Mwazindika, waombeni wacheze wao kwanza. Hiyo ni ngoma ya pepo na uganguzi, imeingizwa kwenye orodha za UNESCO, na bado wapo waumini wanaoikwepa, kwa hiyo muulizeni mzee ni wapi na lini inafaa kupigwa. Vijana wetu wana tabia ya kutoa simu, kurekodi mdundo na kuutia kwenye wimbo wao wiki ijayo. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Ngoma ni mali ya jamii, na kuitumia kibiashara kunataka ridhaa yao. Hata kama sheria isingekuwepo, ombeni na mkubaliane malipo mapema, mbele ya wazee wote, asije mjanja mmoja akachukua pesa za kumi.

Mkitaka kuona mambo ya kale, msitarajie Fort Jesus. Yaliyopo ni misitu mitakatifu, inayoitwa fighi, na mapango yanayohifadhi mafuvu ya mababu. Hayo ni makaburi ya watu. Nendeni na mwenyeji aliyepewa ruhusa, msiguse kitu, na kamera ikae mfukoni mpaka muambiwe. Mtu akiwauzia kibuyu cha zamani au chombo cha tambiko kwa bei ya kuonea huruma, kataeni. Sisi wa Pwani tunajua vigango vya Wamijikenda, nguzo za kuwakumbuka wafu, vilivyong'olewa na kuishia kwenye makumbusho ya Marekani, na jinsi ilivyokuwa kazi kuvirudisha hata vile vichache. Nunueni vikapu vya mkonge kwa akina mama wanaosuka, bila kubishana sana bei.

Mkialikwa kulala, laleni. Kimanga, chakula cha kupondwa cha Wataita, huwa kitamu usiku, na mambo mengi ya ngoma wazee huyasema wakishashiba. Kabla hamjashuka asubuhi, pangeni nao tarehe ya wao kuja kucheza Mombasa, na anayelipia gari lao ajulikane hapo hapo.