Besi wa milia katika Bandari ya Boston: maswali yenu ya kayaki

Msimu umeanza, na wasomaji wetu wa Massachusetts wameleta maswali kuhusu kumvua besi wa milia, yule samaki wa baharini anayeitwa “striped bass” kwa Kiingereza, kwa kayaki, yaani mtumbwi mdogo wa kafi. Haya ndiyo yaliyojirudia.

Nimekulia Lamu, sasa naishi Quincy na nimenunua kayaki. Nitoke saa ngapi?

Ndugu yangu, saa ifuate maji. Ndani ya bandari hii maji hujaa na kupwa kwa takriban mita 3, kwa hiyo uliyojifunza Lamu kuhusu bamvua na maji mafu yatakufaa hapa vilevile. Maji yakisimama, besi hutulia. Yakianza kutembea, hasa yanapotoka, vibua na samaki wadogo husukumwa kwenye ncha za visiwa na miamba, na besi huwavizia pale mkondo unapovunjika. Maji yanayotoka yakiangukia alfajiri, usilale. Besi hufika Mei wakitoka kusini, wanakozaliana, na wengi huwa wameondoka Oktoba ikiisha.

Chambo gani kinafaa?

Bomba jembamba la mpira mwekundu, mnyoo wa baharini kwenye ndoana yake, ukilikokota polepole karibu na sakafu. Mwendo wa kafi ndio hasa linaoutaka, na huna injini ya kuwatisha samaki penye maji haba. Ukipenda kibua hai, sheria inataka ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani. Usiivute kwa nguvu samaki anapogusa. Mwache aondoke nacho, mshipi ukaze wenyewe, naye atashikwa pembeni mwa mdomo.

Wenzangu wanasifu Hull Gut. Naweza kwenda? Nimeanza mwaka huu.

Samaki wapo, lakini kwako nasema hapana. Ule ni mlango mwembamba kati ya Hull na kisiwa cha Peddocks. Maji yakitoka huku upepo ukija kinyume, mawimbi husimama wima, na feri hupita humo humo. Anzia Quincy Bay, siku ya upepo mdogo.

Mimi naiogopa baridi kuliko mkondo. Mwezi Mei jua linaweza kuwaka vizuri kabisa, huku maji yakiwa karibu na nyuzi 10 za Selsiasi. Ukipinduka, pumzi inakatika, na muda si mrefu vidole havishiki kitu. Sisi tuliokulia pwani tuko hatarini zaidi, kwa sababu tunaamini kujua kuogelea kunatosha, na bahari iliyotufundisha ilikuwa ya joto. Vaa suti isiyopitisha maji. Jaketi okozi ni lazima kisheria kwenye kayaki kuanzia Septemba 15 hadi Mei 15; nakusihi ulivae mwaka mzima. Filimbi, dira na redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, vikae mwilini mwako, si sandukuni, maana ukungu huingia ghafla na nahodha wa meli hakuoni.

Nilipata besi wa karibu mita moja, nikaambiwa nimrudishe. Kwa nini mkubwa ndiye arudishwe?

Waliokuambia walikutendea wema. Kanuni ya sasa ni samaki mmoja kwa siku, mwenye urefu wa kuanzia inchi 28 hadi chini ya 31, yaani takriban sentimita 71 hadi 79. Wakubwa kama yule wako aghalabu ni majike, na jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Kwa miaka kadhaa sasa mazalia ya ghuba ya Chesapeake, huko kusini, yametoa vifaranga wachache mno, na kila jike tunayemuua anapunguza uwezekano wa idadi ya besi kurudi. Mrudishe vizuri: lowesha mikono, usimkokote juu ya kayaki, mshike mdomo ndani ya maji mpaka aondoke mwenyewe kwa nguvu. Kanuni hubadilika, kwa hiyo zisome upya kila msimu.

Naweza kuwauzia majirani Worcester?

Bila leseni ya biashara, hapana. Hata wa kitoweo chako, ukiwa na miaka 16 au zaidi unahitaji kibali cha kuvua maji chumvi.

Analiwa kwa nazi? Na bandari si chafu?

Kwa nazi ni mtamu sana. Nyama yake nyeupe ni ngumu kiasi, haivunjiki kwenye kupaka. Bandari imesafika mno: tangu 2000 maji taka yanayosafishwa kwenye mtambo wa Deer Island hutolewa kilomita 15 nje baharini. Ila besi ni msafiri na mla samaki, hivyo hukusanya mwilini zebaki na PCB, kemikali za sumu za viwandani. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wamle kwa nadra, na ngozi na mafuta yaondolewe kabla ya kupika.