Debian ndani ya Hercules: ping inajibu, ila kisakinishi kinaganda

Mdogo wangu wa Katuba, nimekusoma. Hercules (programu inayoigiza mashine kubwa za IBM) inawaka, kisakinishi cha Debian ya s390x (Linux ya mashine hizo) kinaanza, ping (jaribio la mtandao) kwenda 10.1.1.1, yaani kompyuta yako, inajibu, halafu ukifika kwenye seva ya vifurushi kila kitu kinaganda. Na forfe (bando za intaneti) tatu zimeisha. Pole sana. Mimi ziliniishia nne, hapa hapa Lubumbashi, kabla sijaelewa.

Ping haikudanganyi. Mashine ya ndani inaiona kompyuta yako, basi. Mbele ya hapo hakuna anayeijua. Anwani yake, 10.1.1.2, ni kama kusema "nyumba ya nyuma, kwa mama". Ndani ya parsele (kiwanja) kila mtoto atakuonyesha, lakini mpe mtu wa Kasumbalesa barua yenye anwani hiyo uone kama itafika. Ndiyo maana wengi watakuambia uwashe ip_forward na uandike kanuni ya MASQUERADE kwenye iptables, ili kompyuta yako iipitishe nje kwa anwani yake yenyewe. Ni kweli, inafanya kazi. Mimi niliiacha njia hiyo kwa sababu ya mega.

Sakinisha apt-cacher-ng, proksi (mtu wa kati) inayovuta na kuhifadhi vifurushi, kwenye kompyuta yako yenyewe, si ndani ya Hercules. Kisakinishi kikikuuliza proksi, andika http://10.1.1.1:3142. Sasa kompyuta yako ndiyo inayotoka nje kutafuta vifurushi, na mashine ya ndani haihitaji hata DNS (ya kugeuza majina kuwa anwani). Uzuri wake ni kwamba kila kifurushi kilichoshuka mara moja kinabaki. Umeme ukikatika katikati (utakatika tu, unajua unakoishi), ukianza upya unavuta kutoka diski yako, forfe inapumzika. Chagua seva ya http, usichague ya https, maana kilichofungwa kwa ufunguo proksi haiwezi kukihifadhi.

Kwa wengine wanaosoma ambao hata ping bado: mstari wangu wa mtandao kwenye faili la mpangilio la Hercules ni huu,

0A00.2 CTCI 10.1.1.2 10.1.1.1

Anwani ya kwanza ni ya mgeni, ya pili ni ya mwenyeji. Mimi niliziandika kinyume nikapoteza usiku mzima nikiwalaumu watu bure. CTC, kifaa cha mtandao cha mashine hizi, ni jozi: kisakinishi kitakuuliza ya kusoma, jibu 0A00, na ya kuandika, 0A01. Halafu kwenye dirisha la Hercules kila jibu linatanguliwa na nukta. Ukitaka chaguo la 1 unaandika .1, la sivyo Hercules inadhani unaisemesha yenyewe, inakuambia amri hiyo haijui. Adha hiyo ni ya mwanzo tu. Mtandao ukishapanda unaingia kwa ssh (kuingia kupitia mtandao) na kuendelea kama mtu.

Diski: 3390-3, aina ya diski ya IBM, ina silinda 3339. Kwenye karatasi ni giga 2.8, ila Linux ikishaipanga kwa vipande vya baiti 4096 unabaki na kama 2.4. Inatosha mfumo wa msingi na ssh. Ukifika kwenye orodha ya vikundi vya programu, ondoa alama zote isipokuwa hizo mbili. Eneokazi la picha humo ni kujitesa.

Kuformati ndiko kunakochosha. Hercules inatafsiri amri za mashine moja moja, kwa hiyo usikae unaangalia asilimia. Mara ya pili nilikuwa nimeshamaliza kuformati, umeme ukakatika, ondulere (betri ya akiba) ikaanza kulia pii, pii, pii, nikajua kazi yote imepotea. Nilipowasha tena, kisakinishi kikaniambia diski imeshaformatiwa, je, nirudie? Nikajibu hapana. Nusu ya safari ilikuwa imebaki pale pale. Na wewe jibu hapana.

Mwisho kabisa unazima, kisha unaandika ipl 120, yaani namba ya diski (wenyewe hawasemi "washa", wanasema IPL). Ingia, andika uname -m. Ikikujibu s390x, angalia pia /proc/cpuinfo: mstari wa vendor_id utasoma IBM/S390, kwenye laptopu yako ya mtumba.

Ikigoma tena, weka hapa faili lako la mpangilio lote na mistari ya mwisho ya dirisha la Hercules. Picha ya simu iliyopigwa kiupande haisomeki, tafadhali.